Jeraha Lisiloonekana: Nafasi ya Tathmini ya Kisaikolojia katika Madai ya Fidia Kazini

Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, inayofahamika na wengi kwa kifupi cha WIBA, imekuwa ikitumika nchini Kenya tangu Juni 2008. Mwananchi wa kawaida anapoisikia sheria hiyo ikitajwa, huwaza kwanza juu ya mkono ulionaswa na mashine, jicho lililopofushwa na cheche za kuchomelea vyuma, au mgongo ulioteguka kwa kubeba mizigo. Ni nadra mtu kumfikiria karani wa benki aliyewekewa bunduki kichwani na majambazi, akatoka bila mkwaruzo, lakini miezi mitatu baadaye hawezi tena kuketi nyuma ya dirisha la malipo.

Hata hivyo, swali la karani huyo ni la kisheria kama lilivyo swali la aliyekatwa kidole. Je, ameumia? Je, kilichomuumiza ni kazi? Ameumia kwa kiasi gani, na kwa muda gani? Tofauti ni kwamba majibu ya aliyekatwa kidole yanaonekana kwa macho na kwa picha ya eksirei, ilhali majibu ya karani yanategemea tathmini ya kisaikolojia. Uchambuzi huu unaeleza tathmini hiyo ni nini, sheria inaipa nafasi gani, ni wapi inapoweza kwenda kombo, na mfanyakazi na mwajiri wanapaswa kufanya nini ili haki itendeke.

Sheria inasema nini

WIBA inawahusu waajiriwa wote, wakiwemo wa Serikali, isipokuwa wanajeshi. Inamtaka kila mwajiri kuwakatia wafanyakazi wake bima. Mfanyakazi anayeumia hahitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea; anachohitaji ni kuonyesha kwamba ajali au ugonjwa ulitokana na kazi na ulimpata akiwa kazini. Kwa upande mwingine, sheria imefunga mlango wa kumshtaki mwajiri moja kwa moja mahakamani kudai fidia ya jeraha hilo, isipokuwa kwa utaratibu ulioainishwa ndani ya sheria yenyewe.

Utaratibu huo ulipingwa kwa miaka mingi. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilitangaza baadhi ya vifungu vya sheria hiyo kuwa kinyume cha Katiba. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilibatilisha sehemu kubwa ya uamuzi huo, na mnamo Desemba 3, 2019, Mahakama ya Juu ikaunga mkono msimamo wa Mahakama ya Rufaa. Matokeo yake ni kwamba madai ya majeraha na magonjwa ya kazini huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, wala si mbele ya hakimu. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa jeraha la akili. Mahakamani shahidi huhojiwa, daktari huulizwa maswali, na pande zote husikika. Katika ofisi ya Mkurugenzi, mara nyingi faili ndiyo huzungumza. Ripoti ya daktari ikiwa dhaifu, madai yote huwa dhaifu.

Kuhusu magonjwa, sheria imefungua njia mbili. Ya kwanza ni orodha ya magonjwa ya kazini iliyomo katika Jedwali la Pili. Ya pili ni ugonjwa mwingine wowote usiotajwa katika orodha hiyo, alimradi ithibitishwe kwamba umetokana na kazi na umempata mfanyakazi akiwa katika kazi hiyo. Njia hii ya pili ndiyo inayoruhusu ugonjwa wa akili kuwasilishwa, lakini inamwachia mdai mzigo wa kuonyesha uhusiano kati ya ugonjwa na kazi.

Msimamo huo haupingani na ule wa kimataifa. Shirika la Kazi Duniani liliporekebisha orodha yake ya magonjwa ya kazini mwaka 2010, liliingiza kwa mara ya kwanza matatizo ya akili na tabia. Orodha hiyo inataja kwa jina ugonjwa wa msongo unaofuata kiwewe, yaani hali inayompata mtu baada ya tukio la kutishia uhai, na inaacha nafasi kwa matatizo mengine ya akili pale uhusiano wa moja kwa moja na kazi utakapothibitishwa. Mwezi Juni 2022, shirika hilo liliyaweka mazingira salama na yenye afya kazini miongoni mwa misingi na haki za kimsingi za wafanyakazi.

Asilimia ina maana gani mfukoni

Ili kuelewa kwa nini tathmini hii hubishaniwa sana, ni vyema kutazama namna fidia inavyokokotolewa. Mfanyakazi aliyeshindwa kabisa kufanya kazi kwa muda hulipwa kwa vipindi, kwa kipindi kisichozidi miezi 12. Akibaki na ulemavu wa kudumu, fidia yake hukokotolewa kwa msingi wa mapato ya miezi 96, kwa kuzingatia kiwango cha ulemavu kilichotolewa kwa asilimia na mipaka ya chini na ya juu iliyowekwa.

Tuchukue mfano wa mfanyakazi anayepata Sh30,000 kwa mwezi. Mapato yake ya miezi 96 ni Sh2,880,000. Daktari akimpa ulemavu wa kudumu wa asilimia 10, hesabu inafikia Sh288,000. Akimpa asilimia 25, inafikia Sh720,000. Tofauti ya zaidi ya Sh400,000 imebebwa na tarakimu moja katika ukurasa wa mwisho wa ripoti.

Kwa majeraha ya mwili, tarakimu hiyo ina pa kushika. Jedwali la Kwanza la sheria limeorodhesha viungo na asilimia zake: mkono, mguu, jicho, sikio, kidole kimoja kimoja. Kwa jeraha lisilotajwa katika jedwali, sheria inataka kitolewe kiwango kisichopingana na mwelekeo wa jedwali hilo. Lakini hofu ya kuingia katika chumba kilichofungwa inalingana na kupoteza kidole kipi? Kukosa usingizi usiku nne kati ya saba ni sawa na kupoteza sehemu gani ya kusikia? Maswali haya hayana jibu la rula. Yanajibiwa kwa kuangalia mtu anaweza kufanya nini na hawezi kufanya nini katika kazi na maisha yake, na kwa kueleza sababu za kila hitimisho.

Tathmini hufanywaje

Wananchi wengi hudhani kwamba tathmini ya kisaikolojia ni mazungumzo mafupi yanayomalizika kwa daktari kuamua kama mtu ni mwongo au mkweli. Sivyo. Tathmini iliyofanywa ipasavyo ina hatua kadhaa.

Kwanza, mtathmini husoma kumbukumbu: taarifa ya ajali, rekodi za hospitali, rekodi za mahudhurio kazini, na maelezo ya majukumu ya mfanyakazi kabla na baada ya tukio. Pili, humhoji mfanyakazi kwa kina, mara nyingine kwa vikao zaidi ya kimoja, kuhusu tukio lenyewe, dalili zilivyoanza, usingizi, hamu ya kula, uhusiano na familia, matumizi ya pombe, na historia ya afya yake tangu ujana. Tatu, hutumia madodoso yanayotambulika. Dodoso la sonona linalotumika sana, PHQ-9, lina maswali 9 na alama kuanzia 0 hadi 27. Lile la kiwewe, PCL-5, lina maswali 20 na alama kuanzia 0 hadi 80. Nne, pale kichwa kilipogongwa au kumbukumbu kupungua, hupimwa uwezo wa kukumbuka, kuzingatia na kupanga mambo. Tano, inapowezekana na kwa idhini ya mhusika, huulizwa mtu wa karibu naye, kama vile mwenzi wake au mfanyakazi mwenzake.

Alama za dodoso peke yake hazitoshi kuwa utambuzi wa ugonjwa. Dodoso ni kama kipimajoto: linaonyesha kwamba kuna homa, halisemi ni malaria au ni homa ya matumbo. Ripoti inayobandika alama za dodoso na kuishia hapo haijamsaidia Mkurugenzi, mwajiri wala mfanyakazi.

Ripoti nzuri hujibu maswali manne kwa mpangilio. Mfanyakazi ana ugonjwa gani, kwa vigezo vipi? Umetokana na kazi kwa kiasi gani, na sababu nyingine ni zipi? Unamzuia kufanya nini? Matibabu gani yanahitajika, na kuna matumaini gani ya kupona? Asilimia ya ulemavu huja baada ya majibu hayo, wala haitangulii.

Suala la nani anatia saini pia ni muhimu. Sheria inazungumzia uchunguzi wa daktari aliyesajiliwa. Wanasaikolojia na washauri nasaha wana sheria yao ya mwaka 2014, na mchango wao katika vipimo na mahojiano ni mkubwa. Lakini mdai anayewasilisha ripoti ya mshauri nasaha pekee, bila daktari aliyesajiliwa kuichunguza na kutoa maoni yake, anajiweka katika hatari ya kurudishwa kwa sababu ya utaratibu, hata kama maelezo yake ni ya kweli.

Chanzo: fundo gumu zaidi

Binadamu haji kazini akiwa ukurasa mtupu. Mfanyakazi aliyeshuhudia mwenzake akifa kwenye timbo la mawe huenda pia ana deni, amefiwa na mzazi mwaka uliopita, au aliwahi kuugua sonona akiwa chuoni. Mwajiri na kampuni ya bima watauliza, na wana haki ya kuuliza, ni kipi kati ya hayo kilichomleta hapa alipo.

Nchi na majimbo mengine yamejaribu kulifungua fundo hili kwa kuweka viwango. Jimbo la California, nchini Marekani, linamtaka mdai wa jeraha la akili kuonyesha kwamba matukio halisi ya kazini ndiyo yaliyokuwa chanzo kikuu, yaani zaidi ya nusu ya sababu zote kwa pamoja. Pale jeraha linapotokana na kitendo cha ukatili, kiwango hicho hushuka hadi kati ya asilimia 35 na 40. Mfanyakazi anatakiwa awe ameajiriwa na mwajiri huyo kwa angalau miezi sita, ila tu kama tukio lilikuwa la ghafla na lisilo la kawaida. Tena, jimbo hilo halilipi fidia kwa msongo uliosababishwa na hatua halali ya kiutumishi iliyochukuliwa kwa nia njema, kama vile uhamisho au nidhamu ya haki. Kuanzia Januari 2020, jimbo hilo limeweka dhana ya kisheria kwamba kiwewe cha wazimamoto na askari polisi kimetokana na kazi, hadi upande wa pili uthibitishe vinginevyo.

Sheria ya Kenya haikuweka viwango vya aina hiyo. Inauliza tu kama ugonjwa ulitokana na kazi na ulimpata mfanyakazi katika kazi hiyo. Hali hii ina faida na hasara. Faida ni kwamba mfanyakazi mwenye maradhi ya awali hafungiwi mlango kwa hesabu za asilimia. Hasara ni kwamba madaktari wawili wanaweza kuliangalia faili moja na kufikia mahitimisho yanayotofautiana sana, bila kuwepo kipimo cha pamoja cha kuwapatanisha. Kwa hiyo, kinachobakia kuwa kinga ya pande zote ni ubora wa maelezo. Daktari anayeandika kwamba mgonjwa aliwahi kuugua sonona, akapona, akafanya kazi miaka sita bila kukosa siku, kisha akashindwa kazi wiki mbili baada ya tukio, amemsaidia msomaji wa ripoti kuelewa. Daktari anayeficha historia hiyo ili kumlinda mgonjwa amemdhuru, kwa sababu ikigunduliwa baadaye, ripoti yote hupoteza imani.

Ni vyema pia kutofautisha uchovu wa kazi na ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linautambua uchovu uliokithiri unaotokana na kazi kama hali inayohusiana na ajira, lakini haliuhesabu kuwa ugonjwa. Mfanyakazi aliyechoshwa na zamu ndefu ana malalamiko halali dhidi ya mpangilio wa kazi, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kulinda afya yake. Lakini kwa madai ya fidia, ni lazima daktari atambue ugonjwa wenye vigezo vinavyokubalika.

Saa ya sheria na saa ya akili

Pengine hatari kubwa kuliko zote ni ya muda. Sheria inamtaka mfanyakazi amjulishe mwajiri kuhusu ajali mapema iwezekanavyo, kwa mdomo au kwa maandishi. Mwajiri naye anatakiwa kumwarifu Mkurugenzi ndani ya siku 7 baada ya kupata habari. Madai ya fidia kwa ajali huwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali.

Akili haifuati kalenda hiyo. Katika siku za mwanzo baada ya tukio la kutisha, watu wengi hutetemeka, hukosa usingizi na kuota ndoto mbaya, lakini wengi wao hupata nafuu bila matibabu maalumu. Ndiyo maana vigezo vya kitabibu vinavyotumika sana vinataka dalili ziwe zimedumu zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kuutambua ugonjwa wa msongo unaofuata kiwewe. Kinyume chake, wapo ambao dalili zao hazikamiliki hadi miezi sita au zaidi kupita. Kwa wiki nyingi huonekana wazima, hurudi kazini, hucheka na wenzao. Kisha siku moja mlio wa tairi linalopasuka huwarudisha palepale. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.

Kwa hiyo tathmini ikifanywa wiki ya kwanza, inaweza kukuza mshtuko wa kawaida ukaonekana ulemavu. Ikicheleweshwa mwaka mzima, mfanyakazi anaweza kujikuta nje ya muda wa kudai. Jibu la busara ni kutenganisha mambo mawili. Taarifa ya tukio itolewe mara moja, hata kama mfanyakazi anajiona mzima, na ieleze waziwazi kwamba alikuwepo na alichokishuhudia. Tathmini ya kiwango cha ulemavu wa kudumu isubiri hadi matibabu yapewe nafasi ya kufanya kazi na hali itulie. Katikati ya hayo mawili, ndipo malipo ya muda ya hadi miezi 12 yanapokusudiwa kumshikilia mfanyakazi.

Wajibu wa mwajiri hapa ni mkubwa. Baada ya ujambazi, mlipuko au ajali mbaya, waajiri wengi huorodhesha waliolazwa hospitalini na kuwaacha waliobaki wamesimama. Nchi hii ina funzo chungu kuhusu hilo. Shambulio la bomu la Agosti 7, 1998 jijini Nairobi liliua zaidi ya watu 200, na wengi wa waliopatwa walikuwa wafanyakazi waliokuwa maofisini mwao siku ya kazi. Orodha ya walioumia haipaswi kuishia kwa wale waliovuja damu.

Hofu ya udanganyifu

Kampuni za bima na waajiri hueleza hofu moja: kwamba jeraha lisiloonekana ni rahisi kuigizwa. Hofu hiyo haipaswi kupuuzwa, kwa sababu kila dai la uongo linalolipwa hupandisha gharama za bima na kuwatia shaka wadai wa kweli. Watathmini wenye ujuzi wana njia za kuikabili. Hulinganisha maelezo ya mdai na kumbukumbu za hospitali na za kazini. Hurudia maswali kwa namna tofauti. Hutumia vipimo maalumu vinavyoonyesha pale mtu anapotaja dalili ambazo wagonjwa halisi ni nadra kuwa nazo. Na hutazama kama dalili zinaendana na mwenendo wa ugonjwa unaojulikana.

Lakini ipo hatari ya upande wa pili, isiyosemwa sana. Wafanyakazi wengi huficha ugonjwa wa akili kwa kuogopa kuitwa wendawazimu, kuchekwa nyumbani, au kupoteza kazi. Askari huogopa kunyang'anywa silaha na majukumu. Dereva huogopa kutopewa gari tena. Jopokazi la kitaifa kuhusu afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga, katika ripoti yake ya mwaka 2020, lilipendekeza ugonjwa wa akili utangazwe kuwa janga la kitaifa. Pendekezo hilo lilitokana na mzigo uliokuwepo tayari majumbani na kazini, wala si na watu waliotafuta fidia.

Lugha nayo inaweza kupotosha. Madodoso mengi yalitungwa kwa Kiingereza. Mfanyakazi anayeulizwa kwa lugha asiyoimudu hujibu ndiyo kwa adabu tu. Tena, watu wetu wana namna zao za kueleza maumivu ya ndani: mmoja husema ana mawazo mengi, mwingine kwamba moyo unaenda mbio, mwingine kwamba kichwa kinawaka moto au mwili hauna nguvu. Mtathmini asiyezijua kauli hizo anaweza kuandika kwamba mgonjwa analalamikia moyo na kichwa pekee, akaikosa sonona iliyo mbele yake. Mdai ana sababu nzuri ya kuomba mahojiano yafanyike kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama kwa msaada wa mkalimani asiye jamaa wala mwakilishi wa mwajiri.

Kazi mpya, majeraha mapya

Mjadala huu umepata sura mpya jijini Nairobi. Mwaka 2023, wakaguzi wa maudhui zaidi ya 180 waliokuwa wakichuja picha na video za mtandao wa Facebook waliwasilisha shauri dhidi ya kampuni ya Meta na wakandarasi wake katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini Kenya. Desemba mwaka huohuo iliripotiwa kwamba ripoti za kitabibu zilizowasilishwa mahakamani zilibaini zaidi ya wafanyakazi 140 wenye ugonjwa wa msongo unaofuata kiwewe.

Shauri hilo lilikuja kwa njia ya ombi la kikatiba, si madai ya kawaida ya WIBA, na ripoti zilizowasilishwa na upande mmoja hupimwa uzito wake na mahakama. Hata hivyo, linatoa funzo kwa wote wanaofuatilia suala la fidia. Wafanyakazi hao hawakuanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi wala kugusa kemikali. Walichokutana nacho kilikuwa kwenye skrini, siku baada ya siku. Bila tathmini ya kisaikolojia, hapangekuwa na jambo lolote la kuweka mezani. Kadiri ajira za kidijitali zinavyoongezeka, ndivyo maswali ya aina hii yatakavyozidi kufika katika ofisi za Idara.

Jirani zetu wa Tanzania Bara walichukua njia nyingine ya ulipaji. Tangu Julai 2015, waajiri huko huchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mfuko huo ndio unaopokea na kulipa madai, badala ya kila mwajiri na kampuni yake ya bima. Mfumo wa mfuko mmoja hurahisisha jambo moja: kuwa na miongozo na watathmini wa aina moja kwa madai yote. Katika mfumo wetu wa bima za waajiri, ulinganifu huo unapaswa kujengwa kwa makusudi, kupitia mafunzo kwa madaktari na mwongozo mahususi wa kukadiria ulemavu wa akili. Bila hayo, mfanyakazi wa Lodwar na wa Nairobi wenye hali moja wanaweza kupata matokeo tofauti kwa sababu tu wataalamu wa magonjwa ya akili wamejikusanya zaidi katika miji mikubwa.

Haki za anayetathminiwa

Mfanyakazi anayedai fidia anatakiwa kukubali kuchunguzwa na daktari aliyeteuliwa na Mkurugenzi, au na mwajiri kwa idhini ya Mkurugenzi, baada ya kupewa taarifa ya kutosha. Gharama za lazima za kuhudhuria uchunguzi huo si zake. Anaweza pia, kwa gharama yake, kuwa na daktari wake mwenyewe katika uchunguzi huo.

Jambo ambalo wengi hawaelezwi ni tofauti kati ya daktari anayetibu na daktari anayetathmini. Anayetibu hutunza siri za mgonjwa wake. Anayetathmini anaandika ripoti itakayosomwa na wengine. Ni haki ya mfanyakazi kuelezwa hilo kabla ya kuulizwa swali la kwanza. Hata hivyo, kusomwa na wanaohusika si ruhusa ya kusambazwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa data nyeti. Ofisa wa rasilimali watu anayeipitisha ripoti ya akili ya mfanyakazi ofisi kwa ofisi anavunja sheria, na mfanyakazi anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo inakataza ubaguzi kwa misingi ya ulemavu.

Mkurugenzi akishawasilisha dai kwa mwajiri au kampuni ya bima, sheria inatoa siku 90 za kulilipa. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi anaweza kuweka pingamizi ndani ya siku 60. Mkurugenzi hutakiwa kujibu kwa maandishi ndani ya siku 14, na asiyeridhika na jibu hilo ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Pingamizi la jeraha la akili lisilo na ripoti ya pili ya daktari huwa na nguvu ndogo. Kwa hiyo siku hizo 60 zitumike kuitafuta.

Mambo ya kuzingatia

Kwa mfanyakazi: toa taarifa ya tukio siku ileile au mapema iwezekanavyo, na ubaki na nakala. Nenda hospitali hata kama huna jeraha la mwili, na umweleze daktari au afisa wa kliniki yale uliyoyaona, ili yaandikwe. Weka kumbukumbu ya siku ulizokosa kazi, dawa ulizopewa na mabadiliko yaliyoonekana nyumbani. Eleza historia yako yote ya afya kwa ukweli. Usisubiri mwisho wa miezi 12.

Kwa mwajiri: orodhesha wote waliokuwepo katika tukio, wala si waliolazwa peke yao. Mwarifu Mkurugenzi ndani ya siku 7. Hakikisha bima uliyonunua haiachi nje magonjwa ya akili yanayotokana na kazi, kwa sababu wajibu wa kisheria unabaki kuwa wako. Mpe mfanyakazi nafasi ya kurudi kazini hatua kwa hatua. Mara nyingi hilo hugharimu kidogo kuliko fidia ya ulemavu wa kudumu.

Kwa daktari: andika sababu za kila hitimisho. Fidia ya mfanyakazi, gharama ya mwajiri na uamuzi wa Mkurugenzi vyote vinategemea aya chache utakazoandika.

Mwananchi mwenye swali kuhusu dai lake anashauriwa kufika katika ofisi ya Idara ya Usalama na Afya Kazini iliyo karibu naye, akiwa na kitambulisho, nakala ya taarifa ya ajali na rekodi zote za matibabu alizonazo.